Nani Kamtoa Chuoni? Sarufi ya Uwajibikaji katika Semi za Wanafunzi na Watumishi wa Vyuo Vikuu, kwa Kuzingatia Makunduchi, Unguja

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi wanafunzi na watumishi wa vyuo vikuu wanavyoyaona maisha ya chuo kwa namna tofauti, na inaitafuta tofauti hiyo katika sarufi ya semi zao za kila siku. Mifano imetoka katika makundi matatu ya semi: simo za wanafunzi, lugha ya kiutawala ya watumishi, na msamiati wa chuo cha Kurani unaoendelea kutumika katika jamii za Unguja kama Makunduchi. Hoja kuu ni kwamba makundi mawili ya kwanza, ingawa yanapingana kwa maana na kwa hisia, yanafanana katika jambo moja: yote humficha mtenda. Kundi la tatu humtaja mtenda waziwazi, ingawa nalo lina hatari zake. Makala inahitimisha kwamba suala la nani anawajibika mwanafunzi anapotoka chuoni kabla ya wakati ni suala la lugha kwa kiasi kilekile lilivyo suala la utawala.

1.0 Utangulizi

Tofauti za mtazamo baina ya wanafunzi na watumishi wa vyuo vikuu aghalabu huchunguzwa kwa hojaji. Kila upande huulizwa kiwango cha kuridhika kwake na mabweni, ufundishaji, maktaba au huduma za afya, kisha majibu yakalinganishwa. Njia hiyo hubainisha nani karidhika na nani hakuridhika. Isichobainisha ni kwamba pande hizo mbili huenda hazizungumzii kitu kimoja, hata pale zinapojibu swali moja.

Wanazuoni wa nchi nyingine wamewahi kuligusia suala hili. Nchini Ufaransa, Pierre Bourdieu, Jean-Claude Passeron na Monique de Saint Martin walichapisha mwaka 1965 uchunguzi kuhusu mawasiliano ya kitaaluma, wakaonyesha kwamba wanafunzi wengi hawakuyaelewa ipasavyo maneno ya wahadhiri wao, na kwamba kutoelewana huko kuliendelea kwa sababu kila upande ulikuwa na manufaa ya kutokukiri. Nchini Marekani, Howard Becker, Blanche Geer na Everett Hughes (1968), waliochunguza Chuo Kikuu cha Kansas, walieleza kwamba wanafunzi waliyapanga maisha yao yote kwa kufuata wastani wa alama, ilhali wahadhiri walitarajia shauku ya maarifa. Kwa mtazamo wa wanafunzi, kuishi hivyo hakukuwa uvivu. Kulikuwa ndiyo njia ya busara ya kubaki chuoni.

Makala hii inalichukua suala hilo katika Kiswahili. Swali lake ni la kisarufi: semi za kila upande zinamweka nani katika nafasi ya kiima, na zinamwondoa nani? Makunduchi imechaguliwa kwa sababu jamii yake ina kumbukumbu hai ya neno *chuo* katika maana yake kongwe, na kwa hiyo inatoa kipimo cha tatu kilicho nje ya mvutano wa wanafunzi na watumishi.

2.0 Makunduchi na Maana za Neno *Chuo*

Makunduchi ipo kusini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe. Wataalamu wa lugha wanaifahamu zaidi kwa lahaja ya Kikae, yaani Kimakunduchi, ambayo Haji Chum aliikusanyia *Msamiati wa Pekee wa Kikae* (1994). Wataalamu wa fasihi wanaifahamu kuwa mahali alipozaliwa mwaka 1918 Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960).

Chuo kikuu, kwa upande mwingine, ni jambo la juzi. Kabla ya 1998 hapakuwa na chuo kikuu Zanzibar, na kijana wa Makunduchi aliyetaka shahada alilazimika kuvuka bahari. Mwaka huo kilianzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar, ambacho ni cha binafsi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001. Kampasi kuu ya SUZA ipo Tunguu, katika njia itokayo mjini kwenda Makunduchi. Hivyo chuo kikuu kimesogea karibu na kijiji kwa masafa. Kimesogea kiasi gani kwa maana, ni swali jingine.

Neno *chuo* lina historia ndefu kuliko taasisi hizo. Katika Kiswahili cha kale lilimaanisha kitabu. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ulijulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Kutoka kitabu, maana ilipanuka hadi mahali pa kukisomea kitabu, yaani chuo cha Kurani. Maana ya tatu, ya taasisi ya elimu ya juu au ya mafunzo ya kazi, ndiyo changa zaidi. Unguja maana ya pili haijafa. Japokuwa neno *madrasa* limechukua sehemu ya nafasi yake, bado mzazi anaweza kusema kwamba mwanawe "yuko chuoni" akikusudia mtoto wa miaka saba aliyekwenda kusoma juzuu, huku elimu ya serikali ikiitwa *skuli*.

Maneno mengi ya chuo kikuu yamepitia mlango huo huo. *Kuhitimu* kulikuwa kuikamilisha Kurani kabla ya kuwa kutunukiwa shahada. *Ada* ilikuwa desturi, na kile kitolewacho kwa desturi, kabla ya kuwa kiasi cha fedha kinachodaiwa kwa tarehe maalumu. *Mwanachuoni* na wingi wake *wanazuoni* ni mtaalamu wa dini au wa fani yoyote, ilhali *mwanachuo* ni mwanafunzi wa chuo. Kwa mujibu wa maumbo haya, msomi na mwanagenzi wote ni *wana* wa chuo kimoja. Neno linalomtaja mwalimu wa chuo kikuu leo, *mhadhiri*, limetoka nje ya ukoo huo: linamtaja kwa tendo la kutoa mhadhara, wala halisemi anautoa kwa nani.

3.0 Semi za Wanafunzi

Simo za wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania zilikita mizizi hasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyingi husikika pia Unguja, kwa kuwa wanafunzi huhama, huoana, hufundishana na huandikiana katika simu. Halliday (1976) aliziita lugha za aina hii lugha-kinzani: lugha za kundi lililo ndani ya jamii kubwa ambalo huyapa majina mapya yale hasa yanayoligusa. Mifano minne inatosha hapa.

(1) *Bumu limetoka.*
(2) *Fulani kadisko.*
(3) *Matokeo yametoka, nina sapu mbili.*
(4) *Muhula huu tunabebana.*

Katika (1), *bumu* ni fedha za kujikimu zitokanazo na mkopo wa elimu ya juu. Neno limetoholewa kutoka Kiingereza, likibeba wazo la neema inayoshuka kwa kishindo. Fedha hizo hutolewa na vyombo vinavyojulikana: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kwa upande wa Zanzibar, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa mwaka 2011. Hata hivyo sentensi haiitaji bodi. Bumu lenyewe ndilo kiima, na kitenzi ni *kutoka*, sawa na jua linapotoka. Likichelewa, linasubiriwa kama mvua ya masika. Anayelisubiri hana wa kumdai, kwa kuwa sarufi haikumpa mdaiwa.

Katika (2), kitenzi *kudisko* kinamaanisha kuondolewa chuoni kwa kushindwa mitihani. Neno la Kiingereza lililozaa simo hii ni la kauli ya kutendwa, lakini wanafunzi wameligeuza kuwa la kutenda: mwanafunzi ndiye kiima, naye ndiye "aliyedisko", kama vile ni jambo alilolifanya kwa hiari yake. Kuna mzaha ndani yake, na mzaha hupunguza aibu. Lakini mzaha huo una gharama. Aliyedisko hana wa kumuuliza sababu, kwa kuwa kisarufi sababu ni yeye mwenyewe.

Mfano (3) unafuata njia hiyo hiyo. *Matokeo* hutoka, na *sapu*, yaani mtihani wa marudio, ni kitu alichonacho mwanafunzi kama mtu aliye na homa. Aliyesahihisha mtihani hayumo.

Mfano (4) ndio pekee unaotoa picha nyingine. *Kubebana* ni kumpa mwenzako asiye na nafasi bwenini sehemu ya kitanda au ya chumba chako. Kauli ni ya kutendana, hivyo watenda ni wawili na kila mmoja ni mbebaji na mbebwa. Kwa uongozi wa mabweni, jambo hilo hilo ni ukiukaji wa kanuni: mkaazi asiyesajiliwa katika chumba cha mtu mwingine. Kosa katika kamusi moja ni wajibu katika kamusi nyingine. Kwa kijana wa Makunduchi, wajibu huo ni mwendelezo wa desturi anayoifahamu, kwani vijana wengi wa shamba waliosoma mjini walikaa kwa jamaa, wala hapakuwa na jina la kosa hilo.

Jumla ya mifano hii inaeleza mengi kuhusu mtazamo wa mwanafunzi. Chuo, kwake, ni mfululizo wa matukio yanayoamua kama atabaki au ataondoka. Matukio hayo humjia kama hali ya hewa au humtoka kama makosa yake mwenyewe. Anachokiona kuwa tendo la watu ni kile tu wanachofanyiana wanafunzi kwa wanafunzi.

4.0 Semi za Watumishi

Lugha ya watumishi ina asili mbili. Kanuni, fomu na matangazo ya vyuo vikuu vya Tanzania huandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kufundishia kozi nyingi. Mazungumzo ya ofisini, kinyume chake, huendeshwa kwa Kiswahili. Katika lugha zote mbili sifa ileile hujitokeza.

(5) *Mwanafunzi asiyefikia wastani ataachishwa masomo.*
(6) *Mfumo haukubali.*
(7) *Usajili umefungwa.*
(8) *Suala lako linashughulikiwa.*

Kitenzi *ataachishwa* katika (5) kinastahili kuchambuliwa. Shina ni *ach-*. Kiambishi cha kusababisha *-ish-* kinaingiza msababishaji, yule anayemfanya mwanafunzi aache. Kiambishi cha kutendwa *-w-* kinamwondoa msababishaji huyo mara tu baada ya kumwingiza. Neno moja linakiri kwamba yupo aliyetenda na papo hapo linamsitiri. Katika (7) na (8) kauli ya kutendwa inafanya kazi hiyo hiyo bila mtenda kutajwa kwa kihusishi *na*.

Mfano (6) unavutia zaidi, kwa kuwa una kiima kinachotenda, nacho ni mfumo wa kompyuta. Mfumo hukubali, hukataa, hugoma, hufungua na hufunga. Hapa mtumishi anakaribia kabisa sarufi ya mwanafunzi. Kama bumu "linavyotoka" kwa mwanafunzi, ndivyo mfumo "usivyokubali" kwa mtumishi. Isingekuwa haki kudhani kwamba kila anayesema hivyo anakwepa lawama. Karani wa usajili huenda kwa kweli hana mamlaka ya kuifungua tarehe iliyofungwa, na mhadhiri aliyewasilisha alama hana sauti katika uamuzi unaofuata. Ndani ya chuo mamlaka yamegawanywa kati ya idara, kitivo, seneti na ofisi ya mikopo kiasi kwamba kila mtumishi mmoja mmoja naye anaiona taasisi kuwa kitu kinachomtokea.

Pamoja na kufanana huko, watumishi wana mpangilio wao wa wakati. Maneno yao ya kawaida ni *muhula*, *mtaala*, *udahili*, *ithibati*, *tathmini*. Yote ni nomino za michakato inayojirudia kila mwaka. Mwanafunzi mmoja akiondoka, udahili haukuvurugika. Kwa mwanafunzi, mwaka ni ule mmoja alionao. Pande hizo zinaposema "mwaka wa kwanza ni mgumu", mtumishi anasema juu ya kundi linalokuja kila mwaka, na mwanafunzi anasema juu ya maisha yake.

5.0 Semi za Chuo cha Kurani

Linganisha semi zifuatazo, ambazo ni za kawaida katika vijiji vya Unguja:

(9) *Babake kamtia chuoni.*
(10) *Mwalimu anamsomesha.*
(11) *Mamake kamtoa chuoni.*

Kila sentensi ina mtenda, ina kitenzi elekezi, na ina mtoto katika nafasi ya yambwa, anayewakilishwa na kiambishi *-m-*. Mtoto haingii chuoni wala hatoki kwa namna ya jua au mvua. Yupo aliyemtia, yupo anayemsomesha, na akitoka yupo aliyemtoa. Swali la kawaida kijijini mtoto anapoonekana akirandaranda wakati wa masomo ni *Nani kamtoa chuoni?*, na swali hilo hupata jibu lenye jina la mtu.

Kitenzi *kusomesha* kina uzito wa pekee. Bara, matumizi yake yaliyozoeleka ni kulipia masomo ya mtu. Unguja kina maana hiyo pia, lakini hutumika vilevile kwa mwalimu: mwalimu *anasomesha* skuli au chuo. Mzazi anamsomesha na mwalimu anamsomesha. Kitenzi kimoja kinawafunga wote wawili kwa mtoto mmoja. Ukilinganisha na *kutoa mhadhara*, ambako anayepokea si lazima atajwe, unaona kile kilichopungua katika safari ya neno *chuo* kutoka maana ya pili hadi ya tatu.

Mwanafunzi wa Makunduchi aliyeko Tunguu au Dar es Salaam huhama basi baina ya misimbo minne: Kikae nyumbani, Kiunguja mjini, Kiingereza darasani na kwenye fomu, na simo bwenini. Anapopata tatizo la kitaaluma, huhitajika kulieleza katika msimbo ulio mbali zaidi na ule aliojifunzia dhana ya chuo. Barua ya rufaa huandikwa kwa Kiingereza cha kiutawala. Maelezo kwa wazazi hutolewa katika lugha ambayo mtenda lazima atajwe. Mzazi atakapouliza *nani kakutoa?*, simo yake inamjibu "nimedisko", kanuni inamjibu "nimeachishwa", na hakuna hata moja inayolijibu swali aliloulizwa. Ndiyo maana kijana huweza kubaki mjini miezi kadhaa bila kusema lolote. Kimya chake huhesabiwa kuwa ni aibu. Kwa sehemu, ni ukosefu wa sentensi.

6.0 Barua Yenye Anwani: Dar es Salaam, 1971

Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaonyesha kwamba mpaka huu unaweza kuvukwa. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na takriban 400 wakafukuzwa. Hapo mtenda hakufichwa: Rais Nyerere mwenyewe alitangaza uamuzi wake mbele yao. Mgogoro wa Julai 1971 ulikuwa wa namna nyingine, kwa kuwa ulihusu maisha ya chuo yenyewe. Akivaga, mwanafunzi kutoka Kenya aliyekuwa rais wa serikali ya wanafunzi, alimwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akiulalamikia urasimu wa uongozi. Aliondolewa chuoni kwa nguvu ya dola, na wanafunzi wakasusia masomo kumuunga mkono.

Kwa mjadala huu, jambo la kuzingatia ni umbo la barua yenyewe. Barua ya wazi ina mwandishi na ina mwandikiwa. Inamwita mtenda kwa jina na kumtaka ajibu. Ilitamka katika sentensi za kutenda kile ambacho wanafunzi kwa kawaida hukisema kwa simo, na uongozi kwa kauli ya kutendwa. Mjadala uliofuata juu ya uwakilishi wa wanafunzi na wahadhiri katika vikao vya uamuzi ulikuwa, kwa msingi wake, mjadala juu ya nani awe kiima.

7.0 Hatari ya Mtenda Aliye Karibu

Isidhaniwe kwamba chuo cha Kurani ndicho mfano wa kuigwa kwa kila hali. Mwalimu aliyetajwa ni mwalimu mwenye mamlaka, na mtoto aliye yambwa wa kila kitenzi hana nafasi ya kuwa kiima. Hana rufaa, na fimbo nayo ni sehemu ya kumbukumbu ya wengi. Fasihi ya Kiswahili imeionyesha hatari ya ukaribu huu hata katika vyuo vya kisasa. Katika *Rosa Mistika* (1971), Euphrase Kezilahabi anamchora mkuu wa chuo cha ualimu anayeingia katika uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi wake. Mtenda huyo anajulikana kwa jina na kwa sura, na kujulikana kwake hakumlindi Rosa. Katika *Kichwamaji* (1974), mwandishi huyo huyo anamchora Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye elimu yake imemtenga na watu wa kwao hadi mazungumzo nao yanamshinda.

Kauli ya kutendwa, basi, ina kazi yake halali. Mtihani unaosahihishwa kwa namba badala ya jina humlinda mwanafunzi dhidi ya upendeleo na chuki, na kanuni isiyomtaja mtu humlinda mhadhiri dhidi ya shinikizo la jamaa. Tatizo huanza pale umbo lililokusudiwa kulinda usawa wa *kanuni* linapotumika kuficha *uamuzi*. Kanuni haihitaji mtenda. Uamuzi juu ya mtu fulani, wa tarehe fulani, unamhitaji.

8.0 Hitimisho

Wanafunzi na watumishi wanayaona maisha ya chuo kwa tofauti kubwa: kwa hao ni matukio ya maisha mamoja, kwa hawa ni michakato ya kila mwaka. Kinyume na inavyodhaniwa, tofauti hiyo haitokani na upande mmoja kuwajibika na mwingine kulalamika. Semi za pande zote mbili zimezoea sentensi zisizo na mtenda, na kila upande huona kwamba nguvu ziko kwingine. Kipimo cha Makunduchi kinasaidia kuliona hilo, kwa sababu kinauliza swali ambalo kamusi zote mbili hazina jibu lake.

Matokeo yake kwa idara za Kiswahili ni ya kiutendaji. Zenyewe ndizo zenye ujuzi wa kamusi zote tatu. Kazi iliyo ndani ya uwezo wao ni kuandaa, kwa kushirikiana na ofisi za usajili, barua za uamuzi kwa Kiswahili zenye kiima kinachotaja kikao au afisa aliyeamua, sababu ya uamuzi, na mahali na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Pamoja na faharasa inayoziweka simo za wanafunzi na istilahi za kanuni ubavu kwa ubavu. "Kikao cha mitihani kimeamua uache masomo kwa sababu hii, na unaweza kukata rufaa kwa ofisi hii" ni sentensi ndefu kuliko "umeachishwa". Habari inayotoa si njema zaidi. Lakini mwanafunzi anaweza kuipeleka nyumbani, na mzazi wake akajua pa kwenda kuuliza.